Taa za Pembeni

Katesh, jioni kabla hujasafiri

Mwanangu Veronika,

Marahaba. Hiyo ni ya asubuhi, niliyokunyima. Ulisimama mlangoni na kikombe cha uji ukasema, "Shikamoo, Aayo," ukiniita mama kwa Kiiraqw chetu, nami nikageuzia uso ukutani kama mtoto aliyenyimwa sukari. Tangu uanze kusema hujawahi kukosa marahaba yangu, hata siku ile uliyovunja kioo cha kabati. Leo umeikosa kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na wewe ungeshusha begi.

Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Mistari ikipanda kama njia ya kwenda mlimani, usinicheke. Nimekaa dirishani wakati jua bado lipo upande wa Singida, maana taa ya umeme hainisaidii tena, na wewe umeenda kuwaaga mama zako wadogo. Nataka nimalize kabla hujarudi.

Mchana ulisema huendi. Ulisema polepole huku unasuuza sufuria, kama mtu anayesema chumvi imeisha. "Aayo, nitawapigia wachukue mwingine. Mwanza haihami."

Nikakutuma ukaage watu kwanza. Mwanza haihami, kweli. Nafasi ndiyo inayohama. Hospitali ile iliyokupa kazi imekusubiri, ikakusubiri tena, na kila mara aliyekurudisha ni mimi. Safari hii wamesema ni ya mwisho. Nikikubali ubaki, nitakuwa nimekumaliza kwa mikono yangu, tena kwa mapenzi, na mapenzi hayana mahali pa kushtakiwa.

Mambo ya nauli, sanduku na chandarua unayajua. Kupika unajua kuliko mimi. Ninayotaka kukuambia ni mengine.

Unakumbuka ile swichi ya maabara ya hospitali yetu, ile ya kuunganisha kompyuta, niliyotaka itupwe? Nilimwandikia mganga mfawidhi kwamba radi imeunguza poti za pembeni, yale matundu ya kuchomekea waya, kwamba taa za mwanzo na za mwisho zimekufa, zimebaki za katikati tu. Akakubali, ikanunuliwa nyingine. Wewe ulikuwa likizo, ukaja kunisaidia kubadilisha. Ukainama mbele ya kabati la mitambo, ukasema, "Aayo, mbona zinawaka zote?"

Nikakuambia uangalie vizuri. Ukaangalia vizuri. Halafu ukaniangalia mimi.

Nilikukaripia siku ile. Nilisema chuo kimekufundisha kubishana na wakubwa. Lakini nilipobaki peke yangu niligeuza kichwa kidogo, na ile taa ya pembeni ikawaka. Nikageuza upande mwingine, ikawaka ya upande ule. Swichi ilikuwa nzima. Mzigo wa radi nilikuwa nao mimi kichwani.

Presha ya macho, wakasema. Haiumi, haiwashi, haikutoi machozi. Inaanza kula pembeni, nawe unaendelea na kazi zako ukidhani dunia ndiyo imepungua. Bibi yako wa Tlawi aliondoka nayo hivyo hivyo, na sisi tukasema ni uzee na moshi wa kuni. Kwa hiyo kuna agizo moja tu katika barua hii yote, na ninalitoa nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni: ukifika Mwanza, kabla hujatafuta godoro, katafute wanaopima macho. Uwaambie mama anayo, na bibi alikuwa nayo. Wakikukuta salama, urudi tena mwaka unaofuata. Hapa Katesh ungesubiri mpaka taa za pembeni zizimike, kama mimi. Hilo peke yake lingetosha kukufukuza nyumbani.

Sasa nikueleze kwa nini nilipigana na wewe juu ya ile habari ya hodi.

Unajua nilianzia kazi kwenye kituo cha simu Mbulu, enzi hizo tuko mkoa wa Arusha bado na Manyara haijazaliwa. Nilikaa mbele ya ubao wa matundu, kisikilizio masikioni, waya mkononi. Mtu akipiga, kitaa kinawaka, nachomeka, nauliza, "Nani mwenzangu? Unamtaka nani?" Halafu naunganisha. Bibi yako alipokuja kunitembelea akanisikia, alikasirika sana. Aliniambia kwa Kiiraqw, mbele ya wenzangu, kwamba hakunilea niwaulize watu "nani" kabla sijawakaribisha. Kwetu mtu akipiga hodi unaitika karibu, ndipo unatazama ni nani. Ukianza na "nani" umemtukana. Wenzangu walicheka wiki nzima, wakaniita Nani Mwenzangu.

Kisha zikaja mashine zinazojiunganisha zenyewe, na mashirika yakaanza kupunguza watu. Nikapunguzwa. Nikarudi Tlawi na kisikilizio changu kibovu, zawadi ya kuagwa. Mambo ya kompyuta nilijifunzia ukubwani, wewe mgongoni, hospitali ilipotafuta mtu asiyeogopa waya.

Ndiyo maana ulipokuja likizo kutoka chuo ukaniambia kila poti ya hospitali ianze kuuliza, nilikasirika kama bibi yako. Ulinieleza vizuri. Kompyuta ikichomekwa inapiga hodi. Swichi haisemi karibu. Inasema, nani? Na kwa kuwa yenyewe haimjui mtu, inaenda kumuuliza seva mwenye orodha. Seva akisema namjua, mlango unafunguka. Akisema simjui, unabaki umefungwa, au mgeni anapelekwa chumba cha nje kusikokuwa na faili za wagonjwa. Nikakujibu, "Unataka hospitali ipokee watu kama polisi?" Ukasema, "Aayo, mtu yeyote akikaa maabara na laptopu yake anasoma majibu ya wagonjwa wote." Na katika Katesh hii kila mtu ni shemeji wa mtu. Ulikuwa sahihi, nikanuna.

Uliporudi chuoni nikaamua nitaseti mwenyewe, nikuonyeshe. Nikafunga poti zote. Zote, Veronika, mpaka ile alikochomekwa seva! Swichi ikawa inatakiwa kumuuliza seva, na seva mwenyewe yuko nje ya mlango anapiga hodi, na anayeweza kumtambulisha ni yeye. Hospitali nzima ikasimama. Foleni ya dirisha la dawa ilitoka nje ya uzio. Nilikupigia, ukaniuliza neno moja tu.

"Umehifadhi?"

"Bado."

"Asante Yesu. Zima, washa."

Nikazima, nikawasha, swichi ikasahau upuuzi wangu, watu wakapata dawa zao. Ulicheka kwenye simu mpaka na mimi nikacheka. Lakini nimelifikiria jambo lile mara nyingi kuliko ulivyodhani. Katika nyumba hii mwenye ruhusa ni mimi. Wewe hutatoka bila mimi kusema toka. Na mimi mwenye ruhusa nimejifungia kwenye woga wangu, na ufunguo ninao mwenyewe. Miezi hii yote umesimama mlangoni unangoja jibu la mtu ambaye hajifungulii hata yeye.

Halafu ile siku ya mama Samweli. Wewe ulisikia vipande tu, kwa sababu uliporudi ulikuta nimekasirika na yeye amenyamaza.

Mama Samweli, unamjua, ndiye anayefanya usafi jengo la wazazi, na mimi huniita Mwalimu. Kwao ni Gendabi, watu wa ng'ombe. Alikuwa anapiga deki akakuta waya wa mtandao unaning'inia ukutani, ncha moja imechomekwa, ncha ya pili iko sakafuni. Akauokota, akaufuta maji, akaona tundu tupu pembeni, akaichomeka ile ncha. Vizuri kabisa, mpaka ikalia tak! Kumbe tundu zote mbili zinaenda kwenye swichi ileile.

Tangazo, yaani ujumbe ambao kompyuta moja inazitumia nyingine zote, likitoka kwa njia ile linarudi mlangoni pake lenyewe, linatoka tena, linaongezeka, linazunguka mpaka hakuna anayesikika. Taa zote zinapepesa kwa pamoja kama zina homa. Kinga ya jambo hilo ilikuwepo ndani ya swichi tangu ilipotoka kiwandani. Mimi ndiye niliyeizima. Watu wa mapokezi walinung'unika kwamba wakichomeka kompyuta inachelewa kidogo, na kweli inachelewa, kwa sababu inasikiliza kwanza kama njia ni salama. Nikaona inanipotezea muda, nikaizima. Ungekuwepo ungeniambia poti za kompyuta za watu zinaweza kuachwa zifunguke haraka, ila zikisikia sauti ya swichi nyenzake zijifunge. Hukuwepo.

Nilimpata mama Samweli nikamfokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, fagio mkononi, halafu akasema, "Mwalimu, kamba ikiachwa ncha yake chini, asubuhi ndama hayupo. Kwetu mwanamke anayeona kamba imelala akaipita, huyo ni mvivu. Mimi nimefunga tu."

Alifunga kwa sababu anajali. Waya wa kwetu huku unataka uache ncha iwe wazi, na hakuna aliyemwambia.

Veronika, mimi nimekufunga kwa mtindo wa mama Samweli. Nikaona ncha yako imelala nje, nikaiokota nikaichomeka tena nyumbani. Mara ya kwanza ulikuwa umefika Singida. Nilikupigia nikasema mtandao umezunguka, taa zinapepesa zote, sioni ni poti gani. Ukashuka kwenye basi, ukapanda la kurudi, ukafika umejaa vumbi na huruma. Na kilichokuwa kinapepesa ni balbu ya stoo. Nilijua ni balbu, mwanangu. Nilijua wakati bado upo njiani kurudi, na sikukupigia kukuambia uendelee. Uliipachua ile balbu. Ulichemsha chai.

Mara ya pili hukufika hata stendi. Nililia, basi.

Unatoka, unarudi, unatoka, unarudi, na kila mzunguko ninakuona sauti inapungua. Zamani ulikuwa unanibishia. Siku hizi unasema "sawa, Aayo" kwa kila kitu. Hiyo "sawa" inanitisha kuliko giza.

Mimi pia niliitwa nyumbani. Nilikuwa Moshi kwenye mafunzo, yale ambayo yangenifanya nisipunguzwe kazini, na ujumbe ukaja kwamba mama haoni njia ya kwenda kisimani. Nikarudi. Hakuna aliyenilazimisha, na nilimpenda, Mungu anajua. Lakini kila asubuhi nilipokuwa nikimshika mkono kumpeleka nje nilikuwa namlaumu kimoyomoyo, na yeye alilisikia hilo kwenye vidole vyangu. Alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi wala mjinga. Siku moja aliniambia, "Unanishika kama mzigo." Nikakataa. Akasema, "Haya." Mpaka anazikwa hatukulizungumza tena.

Sitaki unishike hivyo. Afadhali nijigonge.

Na nitajigonga. Usidhani nimepata ushujaa mahali. Naogopa, Veronika. Juzi nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote ili usijue. Nimeungua mkono na jiko, ile niliyokuambia nimekwaruzwa na mti. Nikisimama sokoni napoteza upande wa kurudi, nabaki nimesimama kwenye nyanya za watu nikijifanya nachagua. Sina mpango mzuri wa kukuonyesha. Kazini wameniambia atakuja kijana wa watu kutoka Babati kushika nafasi, na mpaka afike mama Samweli ananisomea taa. Ananiambia, "Mwalimu, ile ya kijani inapepesa, ile ya njano imenuna." Tunaenda hivyo. Nyumbani atakuja mmoja wa mama zako wadogo, labda. Labda asije. Nitaishije sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Lakini nisikilize. Unakumbuka kati ya maabara na jengo la wazazi kuna waya mbili? Uliporudisha kinga, swichi zilikuta njia mbili zinazoweza kuzunguka, zikafunga moja. Mimi nikadhani umeikata. Ukaniambia, "Haijafa, Aayo. Haipitishi kitu, ila inasikiliza muda wote." Masika yaliyofuata mti ukaangukia ile njia kubwa ukaikata. Hakuna muuguzi aliyejua. Ile iliyofungwa ilisikia kimya cha mwenzake, ikafunguka yenyewe, majibu ya maabara yakapita.

Kuanzia kesho mimi nimefungwa namna hiyo. Sitapitisha kitu. Nikikupigia nitakusalimia, nitakuuliza kama umekula samaki wao na kama wana miiba mingi. Nikianza kusema habari za taa, kata simu. Nisemapo "si kitu, ni kichwa tu," kata simu. Wewe nenda na njia yako, na siku yoyote ikikatika, hata kama umesahau kunisalimia mwaka mzima, nitakuwa nipo, nasikiliza.

Kuna jambo moja zaidi, nililiweka mwisho kwa sababu ni gumu.

Najua ulivyo. Kesho hutalala njiani kwa mawazo, na kesho kutwa utaniambia umerudi kuchukua sweta, na siku inayofuata utaingia hospitalini na laptopu yako "kunisaidia kidogo tu," na mwezi utaisha. Kwa hiyo leo mchana, ulipodhani nimelala, nilienda kazini. Nilimwomba mganga mfawidhi ruhusa, akanipa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikakaa kwenye seva. Nilikuza maandishi mpaka jina moja likajaa kioo kizima, pua yangu ikagusa kioo, nikasoma herufi moja moja kwa kugeuza kichwa: V, E, R, O. Ni jina nililolichagua mimi. Nikalifuta kwenye orodha.

Safari hii nilihifadhi.

Ukichomeka laptopu yako pale, swichi itauliza nani, na seva atasema simjui. Usimlaumu yule kijana wa Babati. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya pale kwa macho yangu mwenyewe, na sitaki iharibiwe.

Nasikia lango. Ni wewe, unavuta mguu kama umechoka kuaga. Hii naisukuma ndani ya begi lako, chini ya viatu, uikute ukiwa mbali.

Hapa nyumbani hakuna swichi. Siku utakayokuja, hata ukiwa mzee, hata ukiwa umebadilika sauti, piga hodi. Sitauliza nani.

Karibu.

Mama yako